Mzee wa Sauti ya Tatu

Kwa wasioyajua mambo ya kwaya, nianze na hili: sauti ya kwanza na ya pili ni za akina mama, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Ya tatu ni ya wale wanaume wanaoweza kupanda juu bila kutoa macho. Parokiani kwetu, hapa Tabora mjini, sauti ya tatu ilikuwa na wanaume wa kutosha mpaka alipojiunga yule mzee wa Kitaliano, ikabaki na yeye. Wenzake hatukuwafukuza. Walisimama pale pale, midomo inafunguka na kufungika, ila hakuna aliyewasikia tena. Mmoja wao, seremala, alihamia sauti ya nne, akasema huko angalau anajisikia.

Mimi ndiye mwalimu wa kwaya hiyo. Siku za kazi nauza vipuri vya baiskeli karibu na soko, na Jumamosi alasiri nawafundisha watu wazima kunyamaza pale wanapotakiwa kunyamaza, kazi ambayo ni ngumu kuliko kuwafundisha kuimba. Nimeshughulika na wakaidi wa kila aina. Huyu mzee alikuwa mtiifu kuliko wote, na ndiye aliyenishinda.

Kwao alikuwa mwimbaji wa opera. Opera, kama alivyotueleza wakati wa mapumziko, ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayesema. Wote wanaimba, hata anayeomba maji ya kunywa. Alifanya kazi hiyo miaka mingi kwenye kumbi kubwa, akivaa majoho ya kifalme na kubusu mikono ya wanawake waliopakwa poda. Mkewe, Mama Nyamizi, ni mzaliwa wa kijiji cha Puge. Walikutana huko Italia alikokuwa mkunga, na alipostaafu akarudi nyumbani, mume akafuata na masanduku. Ukimsifia mume wake kwa mambo ya zamani anakukata kauli.

"Nilimkuta analipwa kwa kulia mbele za watu," anasema. "Huku tunalia bure."

Sisi tulimwita Mzee, yeye aliniita Mwalimu, na hapo palikuwa na mgogoro tangu siku ya kwanza. Alikuwa amefundishwa kwamba shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, akaamua mwenyewe kwamba mwanafunzi ni mdogo na mwalimu ni mkubwa. Basi anaingia dukani kwangu kununua mpira wa ndani wa baiskeli, mvi kichwa kizima, tumbo mbele, wateja wamejaa, anainamisha kichwa: "Shikamoo, Mwalimu."

"Mzee, mimi ndiye wa kukuamkia wewe."

"Hapana. Wewe unanyanyua mkono, mimi nafungua mdomo. Nani mkubwa?"

Siku moja nilikuwa na mzigo wa tairi mikononi, nikachoka kubishana, nikaitikia marahaba. Sikuwa hata nimefunga duka mama yangu mzazi akapiga simu kutoka nyumbani. "Nasikia siku hizi unaamkiwa na wazee," akasema, akakata.

Sasa nieleze utaratibu wetu, maana ndio uliomtesa. Anayejiunga na kwaya huwa mtarajiwa kwanza. Anahudhuria mazoezi, anaimba misa kama wengine, lakini havai sare na hana neno kwenye kikao. Anapokelewa siku ambayo sauti zote nne zitaridhika kwamba sauti yake imekaa. Imekaa, kwa lugha yetu, maana yake huwezi kuichomoa. Unasikia kwaya, humsikii yeye. Wengi huchukua miezi michache. Mzee alikaa utarajiwa miaka. Waliojiunga nyuma yake walipokelewa, wakaoa, wakahamia Mpanda, wengine wakarudi na kupokelewa upya, na kila aliyepokelewa Mzee alimpigia makofi ya dhati, kisha akarudi kusimama mwisho wa mstari na shati lake jeupe kati ya vitenge vyetu vya sare.

Aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote na wala hakujificha. Kila Jumamosi, watu wakikusanya viti, alinijia.

"Mwalimu, leo?"

"Leo bado, Mzee. Leo umesikika mpaka hospitali ya Kitete."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa, akapanda baiskeli yake akaenda. Mtu aliyewahi kuimba mbele ya ukumbi uliojaa, sasa ananyimwa kitenge na watu wanaouza vitunguu na mpira wa ndani. Niliona aibu, lakini ningefanyaje? Sikio halina huruma.

Si kwamba hatukujaribu. Nilimwambia aimbe kwa nusu mdomo. Nusu mdomo wake ulikuwa sawa na wanaume wanne wa mtaa wa Cheyo. Nikamwambia aimbe kama anambembeleza mtoto aliyelala. Akafumba macho, akaimba kwa upole wote aliojaliwa, na mtoto wa mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa amelala kweli mgongoni, akaamka akaanza kulia. Tukamwondolea kipaza sauti. Haikusaidia. Tukamsogeza nyuma ya kinanda, kisha nyuma ya nguzo, kisha karibu na mlango wa pembeni. Kila tulipomsogeza aliuliza tu: "Hapa?" na kusimama hapo hapo kwa adabu zote.

Ikafika sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, ambayo tungerekodiwa. Mwenyekiti wetu wa kwaya, mstaafu wa reli mwenye sauti ya nne nzito, mtu asiyeruka kipengele hata kimoja cha utaratibu, akazunguka kanisani akisikiliza. Mwishowe akaja kuninong'oneza kwamba amepata mahali. Mahali penyewe palikuwa nje, penye maegesho ya baiskeli, dirisha la tatu likiwa wazi. Nilifikiri Mzee angekasirika. Akafurahi. Akasema hata kwao mara nyingi mwimbaji huwekwa nyuma ya pazia kuimba kama mtu aliye mbali. Basi aliimba misa nzima amesimama kati ya baiskeli, akiniangalia kupitia dirishani, na nakiri kwamba kwaya yetu haijawahi kurekodiwa vizuri namna ile. Tatizo ni kwamba waliokuwa wanapita barabarani walisimama, mmoja akaegesha mkokoteni wa mkaa, na padre alipotoka mwishoni kubariki watu akakuta waumini wa nje ni wengi kuliko wa ndani.

Kuhusu noti tulipambana vibaya. Sisi huimba kwa do re mi, na do yetu mwalimu huipanga: leo iko juu, kesho iko chini, kutegemea wimbo. Kwao do ni moja tu na haiondoki mahali pake tangu mtu anazaliwa mpaka anazikwa. Nikitoa do yangu, kwaya nzima inaipokea, yeye anatoa ya kwao, na kanisa linatetemeka.

"Mwalimu," aliniambia kwa uchungu, "do yenu haina makazi ya kudumu."

"Ndiyo, Mzee. Sisi ni watu wa misafara."

Alijirekebisha baada ya muda, lakini kila nilipotoa do mpya alipiga ishara ya msalaba.

Koo lake alilitunza kama wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Oktoba yetu mnaijua, kwa joto hata mbwa wanatafuta sakafu ya saruji. Yeye alivaa skafu ya sufu. Soda ya baridi aliiita sumu. Asali alikunywa, na asali yetu alijua kuitofautisha kwa ulimi kuliko wauzaji wenyewe. Alikuwa anaonja, anafumba macho, anaimba noti moja, kisha anasema hii nachukua au hii hapana. Wauzaji walianza kumsogezea vidumu kusudi tu aimbe. Jumapili asubuhi hakutamka neno kabla ya misa. Alinunua mkate kwa vidole, akasalimia kwa nyusi. Mwenye duka mmoja mgeni akadhani ni bubu, akampa mkate na pole juu yake, na Mzee, kwa kuwa hakuweza kusema, akazipokea zote mbili.

Adui yake mkubwa alikuwa upepo. Tulipoalikwa na kwaya ya Kaliua tulikwenda kwa treni, behewa limejaa, jua la mchana. Mzee akakaa dirishani, akafunga dirisha. Aliyekaa mbele yake, mama mwenye tenga la kuku, akalifungua. Mzee akalifunga.

"Mama, upepo unaua sauti," akamweleza kwa heshima.

"Baba, joto linaua kuku," akajibu yule mama, naye kwa heshima, akalifungua.

Waliendelea hivyo stesheni baada ya stesheni, bila ugomvi, mpaka tulipokaribia Urambo wakafikia mwafaka: dirisha wazi, na Mzee kukaa upande wa pili na tenga mapajani kumkinga na upepo. Aliingia Kaliua na manyoya kwenye skafu, akaimba na kusikika, nadhani, mpaka Mpanda.

Akina mama wa sauti ya pili walimpenda kwa ajili ya vifo vyake. Katika ile michezo ya kwao mwanamume wa sauti ya tatu karibu kila mara hufa, na Mzee alikuwa amekufa kwa kisu, kwa sumu, kwa risasi na kwa kifua kikuu cha mpenzi wake, ambacho nacho alikihesabu. Wakati wa mapumziko walimzunguka na maswali ya maana.

"Ukishachomwa kisu, unaimba bado?"

"Ndiyo. Hapo ndipo wimbo mrefu unaanza."

"Na wenzako wamesimama tu?"

"Wanaimba pia."

"Hakuna hata wa kwenda kuita daktari?" aliuliza Mwenyekiti, aliyekuwa anajifanya hasikilizi.

Mmoja wa akina mama hao akaja kuipata mtandaoni video ya zamani: Mzee kijana, mwembamba, kwenye joho jekundu, anachomwa upanga, anaanguka ngazini na kuimba mpaka roho inatoka. Akaituma kwenye kundi la kwaya. Asubuhi nikakuta ujumbe umejaa. "Pole sana Mzee wetu." "Jamani, nani huyu aliyemfanyia hivi?" "Tumshukuru Mungu amepona." Na Mzee mwenyewe amejibu chini: "Asanteni, naendelea vizuri."

Lakini kuna jambo hakulisimulia wakati wa mapumziko, na mimi nililijua kwa sababu ya msiba.

Mama yake Mama Nyamizi alifariki Puge, bibi aliyekula chumvi nyingi, na kwaya tukaenda kuzika. Msibani palikuwa na mtani. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani akija kwenye msiba ana ruhusa ya kumkejeli marehemu, wafiwa, na hata jeneza, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Huyu alikuwa mama wa Kizaramo aliyeolewa pale pale kijijini. Alikwisha kumwigiza marehemu anavyoficha michembe ya viazi chini ya kitanda, watu wanacheka huku wanafuta machozi. Kisha akachukua kanga akajizungushia shingoni kama skafu, akashindilia mto tumboni, akaja kusimama mbele ya mkeka wa wanaume.

"Ooooo mama mkwe," akaimba, mkono mmoja kifuani, mwingine hewani, "umeniachia nani wa kunipa asaliiii."

Pale penye "asali" akapanda juu kabisa, sauti ikakatika makusudi, akakohoa kama mbuzi. Msiba mzima ukaangua kicheko. Mzee akasimama. Akavaa viatu, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akashika barabara.

Mama Nyamizi akanigeukia. "Mfuate wewe, Mwalimu wake. Mimi nina msiba."

Niliazima baiskeli, nikamkuta mbali, anaelekea Nzega kwa miguu, skafu imefungwa mpaka masikioni. Nikashuka, tukatembea pamoja. Halafu akaanza kusema mwenyewe, polepole, kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

Alisema kwamba katika mji mmoja wa kwao kuna ukumbi ambao watu wa viti vya juu wanajua kila noti, na ukikosea hawakusamehi. Alikuwa mfalme siku ile. Ikafika noti ya juu, ile watu waliyoilipia, sauti ikakatika. Wa juu wakapiga miluzi, wakazomea, wengine wakamwigiza anavyokatika. Yeye akatoka jukwaani katikati ya wimbo, akatoka nje ya jengo, akapanda teksi na joho lake.

"Taji nililiacha kwenye teksi," akasema. "Tangu hapo sijaimba peke yangu, mahali popote. Ndiyo maana nilikuja kwako, Mwalimu. Nataka kuimba mahali ambapo hakuna anayejua kama ni mimi. Hicho tu. Na hicho nimeshindwa."

Kumbe! Miaka yote hiyo nilidhani anataka kitenge. Nilisimamisha baiskeli.

"Mzee, yule mama hakukuzomea. Amekutania."

"Tofauti ni nini?"

Nikafikiri. "Waliokuzomea kule, kesho yake kuna aliyekuletea uji?"

"Hapana."

"Huyu atakuletea. Na angekuona mgeni, angekupa kiti na soda, akakunyamazia. Mgeni hataniwi."

Akatembea kidogo, akasimama. "Soda ya baridi?" akauliza. Nikajua atarudi. Na kweli asubuhi yule mtani akaja na uji wa moto, akamketisha Mzee, akamtoza jogoo kwa kosa la kukimbia msiba wa mama mkwe. Mzee alilipa. Lakini Jumamosi iliyofuata alisimama mwisho wa mstari kama kawaida, akauliza kama kawaida, nami nikamjibu kama kawaida, ila sasa nilijibu huku nakusanya viti.

Miaka ikapita. Mwaka jana kifua kikamsumbua, akalazwa Kitete, akatoka, akalazwa tena. Tulikwenda kumwona kwa zamu, na wauguzi wakatuomba tusimchekeshe. Halafu kikapita kipindi kirefu akiwa ndani kwake, hapokei wageni, na kwenye kundi anajibu kwa alama ya kidole gumba tu.

Jumamosi moja bajaji ikasimama mbele ya ukumbi wa parokia. Akashuka Mama Nyamizi, kisha akamshusha Mzee. Tumbo lile lilikuwa limekwenda, koti limebaki kama limetundikwa. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akasema, na hilo lilinitisha kuliko wembamba wake. Hakuwa na nguvu za kubishana.

Alikwenda kusimama mwisho wa mstari. Tulikuwa tunajifunza wimbo wetu mpya wa matoleo. Nikatoa do, nikanyanyua mikono, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikawasikia wale wanaume wengine wa sauti ya tatu. Walikuwa nje kabisa ya noti. Mmoja alikuwa chini, mmoja alikuwa anaimba sauti ya kwanza, na mmoja, ikagundulika, hajawahi kujifunza mstari wake hata siku moja. Alikuwa anafungua mdomo tu akijua Mzee yupo. Nikawasimamisha, nikawasema nilivyoweza, tukarudia, tukarudia tena. Ilipokaa sawa Mwenyekiti akanyanyua mkono.

"Kabla hatujaendelea, kuna jambo la utaratibu. Mtarajiwa wetu. Sauti ya kwanza, mnasemaje?"

Akina mama wakatazamana. "Imekaa."

"Ya pili?"

"Imekaa, Mwenyekiti."

Sauti ya tatu wakasema imekaa, huku wameinamisha vichwa. Mwenyekiti akasema kwa niaba ya sauti ya nne kwamba imekaa, sauti yake nzito imechakaa kidogo, akatangaza kwamba Mzee amepokelewa. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mzee alishika mkono wa jirani yake akautikisa, akawa kama hajui auachie lini. Na mimi nilikuwa karibu kutoa do tuendelee, Mwenyekiti akakohoa.

"Aliyepokelewa anaimba ubeti wa kwanza peke yake," akasema. "Ndivyo tulivyofanya wote."

Nilikuwa nimesahau. Nikamwambia kwamba Mzee ametoka kuugua, hilo linaweza kusubiri. Mwenyekiti, ambaye hakuwa anajua lolote la barabara ya Nzega, alishangaa kweli kweli. "Tumemngojesha miaka yote hii," akasema, "halafu tumpokee nusu?"

Mzee akafungua skafu. Akatoka mbele ya mstari hatua ndogo, akanitazama, nikatoa do, na hakupiga ishara ya msalaba.

Aliimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeimba jikoni akidhani yuko peke yake, na ilikuwa nzuri. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu unapanda, mimi mwenyewe niliutunga ili upande juu, nikajilaumu kimoyomoyo kwa kuutunga. Akapanda nao. Sauti ikakatika.

Mzee akageuza macho akatazama mlango. Nami nilitazama mlango.

Hakuna mwingine aliyetazama. Kwetu anayeanzisha wimbo akichoka anauachia wenzake, na wao walidhani ameuachia. Sauti ya kwanza wakaudaka pale pale ulipokatikia, bila kungoja mkono wangu, ya pili wakaingia chini yao, ya nne ikafuata na Mwenyekiti amefumba macho. Mzee alikaa kidogo akiwatazama mmoja mmoja. Kisha akarudi nyuma, akaingia mwisho wa mstari wake, akafungua mdomo.

Nikatega sikio. Niliwasikia wa kwanza, wa pili, wa nne, nikawasikia wa tatu na yule asiyejua mstari. Nikasogea nikipiga mapigo kwa mkono, nikasogea tena, mpaka nikasimama mbele yake kabisa. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Sikumsikia.

Aliniuliza kwa macho. Nikamtikisia kichwa: hapana, Mzee, husikiki. Akatabasamu uso mzima, akaendelea kuimba, nami nikawageukia sauti ya kwanza haraka, mikono juu, asije akaona ninavyolia.